Moto wa Kichuguuni

Harufu ya samadi kavu inayoungua polepole bado inaniamsha, ingawa sasa naishi Kahama mjini na mtu wa karibu mwenye ng'ombe yuko mbali kiasi kwamba hata akichoma zizi lake zima moshi hautanifikia. Inanijia alfajiri, puani kabisa, kisha nafumbua macho na kukuta ni pazia na dirisha la vioo. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya asubuhi zetu. Kwetu moto haukuwashwa, uliombwa. Mama alikuwa akifukia kaa kwenye majivu kabla ya kulala, na asubuhi akilifukua likawa limezimika, alinipa kigae cha chungu chenye majivu kidogo na kunituma kwa jirani. Kabla ya kwenda nilipanda kwenye rundo la kuni nyuma ya nyumba na kutazama paa lipi linafuka moshi. Upande wetu wa kijito kulikuwa na kaya kumi na moja. Nilizihesabu kila siku, hata siku ambazo moto wetu haukuzimika, kwa sababu nilipenda kujua mambo yakoje kabla watu hawajaanza kuyasimulia.

Kijiji chetu kilikuwa magharibi mwa Kahama, njia ya kwenda Ushirombo, mahali ambapo Wasukuma walikuwa wakihamia na ng'ombe wao na kujenga katikati ya mashamba ya Wasumbwa. Ninayoyasimulia ni ya mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mwishoni mwa mvua, nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi. Baba alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, akija nyumbani mara mbili kwa mwaka na blanketi jipya na kikohozi kile kile. Nyumbani tulikuwa mimi na mama. Jirani yetu wa karibu alikuwa Baba Milembe, ambaye binti yake Milembe alikuwa rika langu na rafiki yangu. Kati ya shamba lao na letu kulikuwa na kichuguu kikubwa, kirefu kuliko mtu mzima, ambacho hakuna aliyejisumbua kukibomoa kwa sababu kilitusaidia kujua mpaka uko wapi. Baba Milembe alikuwa mtu mrefu, mchapakazi, na mwenye kasoro moja ambayo kijijini ni kubwa kuliko uvivu: hakupenda kujieleza. Aliona kwamba mtu anayetoa sababu ameshaanza kuomba.

Siku yote yalipoanza nilikuwa kwenye ulingo katikati ya mtama wetu, nikifukuza ndege kwa kombeo na kelele. Ilikuwa mchana, baada ya mvua, na shamba lote lilikuwa likitoa mvuke. Nikasikia mwano, ule ukelele wa hatari ambao ukipigwa kila mwanamume lazima aache alichoshika na kukimbilia unakotoka. Simba alikuwa amemkamata mtamba malishoni. Kutoka juu ya ulingo niliwaona wanaume wakitoka kila upande na mikuki na pinde, wakikimbia kama siafu waliomwagiwa maji. Mmoja wao alikuwa Maganga, kiongozi wa vijana wa kazi za kijiji, yule ambaye kwa Kisukuma huitwa nsumba ntale. Alifika karibu na shamba letu akikimbia vizuri tu. Kisha akapunguza mwendo. Kisha akaingia kwenye mtama, akachuchumaa chini ya ulingo wangu kabisa, na mkuki wake akaulaza chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Nilikuwa naona utosi wake. Tulikaa hivyo sote wawili, mimi nikiogopa hata kufukuza ndege, mpaka kelele za watu zilipohamia mbali, ng'ambo ya kijito. Ndipo alipoinuka, akachota tope kwa viganja na kujipaka miguuni mpaka magotini. Alipogeuka akainua macho akaniona. Hakushtuka. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Linda ndege vizuri, mwanangu," akaondoka mbio, na baada ya muda mfupi nikasikia sauti yake ikiwa kubwa kuliko zote.

Mtamba alikufa na simba akatoroka. Jioni wanaume walipohesabiana, aliyekosekana alikuwa mmoja: Baba Milembe. Sababu yake ilikuwa ya kweli na nzuri. Mkewe alikuwa akijifungua siku ile ile, tena kwa shida, na katika nyumba hakukuwa na mtu mwingine ila Milembe. Lakini walipomwuliza alisema tu, "Nilikuwa na shughuli zangu." Wanawake ndio waliokwenda kueleza kwamba kuna mtoto amezaliwa, wa kiume, na mama yake bado hajaweza kukaa. Maganga alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu mwema, akasema, "Watoto wanazaliwa kila siku. Simba haji kila siku." Watu walicheka, na palepale nikaona kwamba shauri limekwisha, kwa sababu watu wakishacheka pamoja huwa hawarudi nyuma. Baba Milembe alitozwa mbuzi wa kuliwa na vijana. Alijibu kwamba mbuzi wake hatakufa kwa ajili ya meno ya watu waliomkosa simba. Basi akatengwa. Maana yake ilikuwa kwamba hakuna kumsalimia, hakuna kumsaidia kulima, hakuna kumpa moto, na akifiwa achimbe kaburi mwenyewe.

Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, nimeona watu wengi wakitendewa mabaya, na bado sijaona ubaya uliofanywa kwa moyo mkunjufu kama ule. Hakuna aliyemchukia Baba Milembe. Wengi walimhurumia, na kila mmoja alibuni njia yake ya kushika amri na kubaki mtu mzuri. Katekista wetu, ambaye hakutaka kukosana na kijiji wala na Mungu, alisimama njiani mbele ya nyumba yao akamwambia mbwa wao, "Askari, waambie wenyewe kwamba Jumapili hii ni ya Matawi." Bibi mmoja, ambaye rozari haikumtoka mkononi, alikuwa akipita kisimani na kumwambia mti, ili Mama Milembe asikie, kwamba maji ya mtoto mchanga yachemshwe. Alikuwa anajua vizuri kwamba hawana moto wa kuyachemshia. Vijana walipita na majembe wakiimba, na walipofika kwenye shamba la Baba Milembe walishusha sauti kidogo, kwa adabu, wakalipita. Kila mtu alilala akiwa hana deni na dhamiri yake. Nami nilipopanda kwenye rundo la kuni asubuhi nilihesabu mioshi kumi.

Baba Milembe alijaribu. Alipekecha vijiti mpaka viganja vikachubuka, lakini mvua ilikuwa imelowesha kila kitu, hata vya ndani. Alikwenda barabarani kwenye duka la Mwarabu akanunua kiberiti, akarudi, na kijito kilichojaa kikamfika kifuani. Milembe ndiye aliyeniambia. Tuliongea tukiwa tumepeana migongo, kila mmoja upande wake wa kichuguu, maana amri haikusema kwamba huwezi kuzungumza na udongo.

"Vimelowa vyote," alisema. "Baba amevianika juani, na jua halipo."

"Mtoto anaendeleaje?"

"Analia kidogo kidogo. Mama anasema ni baridi. Anamweka kifuani lakini na yeye mwenyewe anatetemeka."

Sikumwambia mama maneno hayo ili afanye jambo lolote. Nilimwambia kwa sababu nilipenda kuwa wa kwanza kuleta habari. Mama alikuwa akichambua choroko. Kesho yake kabla hakujapambazuka vizuri nilimwona akitoka na kigae chenye kaa la moto, akakiweka kwenye tundu lililokuwa ubavuni mwa kichuguu, akakifunika na samadi kavu ili lisizimike, akarudi akiwa amejifunga khanga yake kama mtu aliyetoka haja. Baadaye kidogo mkono mwembamba ulitokea upande wa pili na kigae kikatoweka. Nilipanda kwenye kuni. Mioshi ilikuwa kumi na moja, na ule wa kumi na moja ulikuwa mwembamba sana, kama uzi. Mama alifanya hivyo siku nne. Hakuniambia nisiseme. Hilo nimelifikiria sana. Nadhani aliona kwamba ukimwomba mtoto afiche jambo jema umemfundisha kwamba ni baya.

Sasa lazima nieleze kuhusu sifa yangu. Wakati wa Kwaresima mtu alikuwa amerusha mawe kwenye kile kipande cha reli kilichokuwa kikigongwa kama kengele ya kanisa, na katekista alipouliza, mimi nilisimama nikasema ni sisi, na nikawataja wenzangu wote. Nikasifiwa mbele ya waumini. "Huyu Kabula hasemi uongo," alisema katekista, na watu wakanigeukia wakatabasamu. Wenzangu walichapwa. Mimi niliondoka na lile tabasamu la watu, nikalibeba kama nguo mpya, na tangu hapo nikawa natafuta mahali pa kulivaa.

Siku ya nne vijana walikuwa wakilima kwa bibi yule mwenye rozari, nami nikapeleka maji ya kunywa pamoja na wasichana wengine. Maganga alikuwa ameketi kwenye mpini wa jembe, wenzake wamemzunguka. Niliwasalimia shikamoo wakaitikia. Alinipa kipande cha sukari guru, akaniambia nikae.

"Nasikia wewe ndiye unayehesabu moshi asubuhi."

"Ndiyo, baba."

"Mtoto mwenye akili. Leo mioshi mingapi?"

"Kumi na moja."

"Na ilipaswa kuwa mingapi?"

Vijana waliacha kutafuna. "Kumi," nikasema.

"Haya. Katekista anasema wewe husemi uongo. Huo wa kumi na moja umetoka wapi?"

"Kwenye kichuguu."

Walicheka sana, mmoja akauliza kama kichuguu kimeanza kuzaa moto badala ya kumbikumbi. Maganga hakucheka. Alinitazama kwa upole, nami nikatazama miguu yake, ambayo siku hiyo ilikuwa na tope la kazi, tope la halali. Tulijua sote wawili nilichokuwa nakikumbuka. Kama angekuwa na hofu nadhani ningekisema. Lakini alikuwa ametulia kabisa, kama mtu aliyekwisha kunipima na kujua uzito wangu. Nilikuwa na mambo mawili ya kweli mdomoni, pamoja na sukari. La kwanza lingemwangusha mtu mkubwa mbele ya watu wake. La pili lingemwangusha mwanamke ambaye hakuwepo.

"Mama anaweka," nikasema.

"Mmemsikia," Maganga aliwaambia wenzake. "Huyu mtoto ni wa kweli." Akanipapasa kichwani.

Walikuja alasiri, wanaume kama ishirini, wakiwa wamenawa. Hawakumtukana mama hata neno moja. Maganga alimwita Mama Kabula, akamuuliza kuhusu afya ya baba, akaeleza shida iliyowaleta kama mtu anayeleta habari za msiba. Mama alijibu amesimama mlangoni.

"Sikumpa mtu moto. Niliuacha kichuguuni."

"Kichuguu kina mtoto mchanga, Mama Kabula?"

"Hakina. Ndiyo maana nilijua hakitauhitaji."

Mzee mmoja alikohoa ili asicheke. Maganga akauliza, bado kwa upole, kama anakubali kosa. Mama alitazama watu wote, mmoja baada ya mwingine, na macho yake yaliponifikia hayakukaa. Yalinipita kama yalivyompita kila mtu. "Ni mimi," akasema. Basi akaambiwa achukue mtungi wa maji na azime moto wake mwenyewe mbele yao. Aliingia ndani, nao wakachungulia. Sauti ya maji yakimwagwa juu ya makaa ni kama ya mnyama anayevuta pumzi kwa meno. Moshi mweupe ulitoka mlangoni ukatufunika, watu wakarudi nyuma wakipepea mikono, na kwa muda hakuna aliyemwona mwenziwe. Ulipoisha walikuwa wameshaondoka, wakivuka shamba kuelekea kwa Baba Milembe. Sikuwafuata. Nilisikia sauti ile ile ya maji kutoka huko, kisha mtoto akilia kidogo, kisha mvua.

Asubuhi nilipanda kwenye kuni. Mioshi tisa. Wetu haukuwepo, na wa Baba Milembe haukuwepo, lakini huko kwake hata mbwa hakubweka. Nilikwenda mpaka kwenye kichuguu nikazunguka upande wa pili. Mlango ulikuwa wazi, na kinu kilikuwa kimelazwa chini, jambo ambalo mtu hufanya akijua hatarudi. Kwenye tundu la kichuguu kigae cha mama kilikuwa kimerudishwa, kimeoshwa. Baada ya Pasaka alipita mtu aliyetoka upande wa misitu ya Ushetu akasema amekutana njiani na mtu mrefu, mkewe na binti yao, wakielekea magharibi, na mbwa nyuma. Kijiji kilipokea habari hizo kwa furaha. Walisema, kumbe wako salama. Bibi wa rozari alimshukuru Mungu kwa sauti. Hakuna aliyesema kwamba msafiri alikuwa amehesabu watatu. Nilihesabu mimi, na nadhani mama pia, kwa sababu aliweka chini ungo aliokuwa ameshika.

Baba aliporudi kutoka machimboni alitoa mbuzi, vijana wakamla, nasi tukarudi kuwa watu. Maganga alikuja mwenyewe na moto wa kwanza, kaa zuri jekundu, akampa mama kwa mikono miwili. Mama alilipokea kwa magoti kama ilivyotakiwa. Hakunipiga wala hakunisema, siku ile wala baadaye. Alinipikia, alinisuka, alinipeleka shule ya misheni watoto wa kike wachache walipokuwa wakienda. Jambo moja tu lilibadilika. Moto ukizimika alikwenda kuuomba mwenyewe. Hata alipokuwa na homa, hata kwenye mvua, alichukua kigae akatoka, na mimi nilibaki kitandani nikisikia miguu yake ikipita kwenye majani mabichi. Siku moja niliinuka nikasema, "Mama, nikuendee." Alijibu, "Lala tu, mwanangu."

Maganga aliishi miaka mingi. Alikuwa mtu mwema, na hilo silisemi kwa kejeli. Aliwalea yatima, aligawa chakula mwaka wa njaa, na sidhani kama baada ya siku ile aliwahi kukimbia tena. Kwenye mazishi yake walisimulia habari za simba. Katika masimulizi hayo alikuwa wa kwanza kufika. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka pamoja na wanawake, mama wa watoto wanne, mwalimu mstaafu mtarajiwa, na mtu mmoja akanigeukia akasema, "Wewe si ulikuwepo?" Nikasema nilikuwa nikilinda ndege.

Siku hizi mtaani kwetu moto uko kwenye mtungi wa gesi na kila mmoja anawasha wake kwa kubonyeza. Hakuna anayejua kama jirani amepika au hajapika, maana kuta ni ndefu na gesi haitoi moshi. Wajukuu wangu wakisikia habari hizi husema watu wa zamani walikuwa wakatili, nami huwaacha waseme. Lakini tuna kikundi cha kuzikana, na kikundi kina ukurasa wake kwenye simu. Mwezi uliopita Mama Rehema, mpangaji aliyetoka mbali, mchoma vitumbua, hakufika kwenye msiba nyumbani kwa mwenyekiti wa kikundi kwa sababu mwanawe alikuwa amelazwa. Alipoulizwa alijibu kwa mkato, kwa sababu naye ni wa wale wasiopenda kujieleza. Nikaona kwenye kioo cha simu maandishi madogo ya kijivu: ameondolewa. Chini yake watu waliweka picha za mikono iliyokunjwa kwa sala. Siku iliyofuata mwenye nyumba wake alifunga bomba lake kwa kufuli, na mabomba mengine ya mtaa, ambayo kwa kawaida hayana kufuli, yakapata kufuli.

Jana mwenyekiti alinipigia simu. Ni kijana mstaarabu, ananiita Bibi, na anasema leo jioni atapita na wenzake wawili kunijulia hali. Alisema pia, akicheka kidogo, kwamba mtaa mzima unajua mimi si mtu wa kuficha ukweli. Nimechemsha chai. Ndoo ya Mama Rehema, ile ya bluu yenye jina lake limeandikwa kwa rangi ubavuni, iko chini ya bomba langu, mbele kabisa ya geti, mahali ambapo mgeni lazima aikwepe ili apite. Mjukuu wangu ameuliza mara mbili kama aiondoe. Nimemwambia aiache, na afungulie maji.